Mizani ya kumfukuza mgeni

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa mara nyingi kwa kicheko, kana kwamba maana yake ni kumwambia mgeni afungashe virago. Lakini ukiisikiliza vizuri utaona haisemi mfukuze. Inasema mpe jembe, alime pamoja nanyi. Jambo ambalo methali haikulijibu ni hili: mgeni aliyepewa jembe, akalima miaka 10 au 20, akaoa hapo, akazaa hapo, kisha siku moja akakosea, mwenye nyumba amfanye nini?

Hilo ndilo jambo ninalotaka tulizungumze leo. Sote tunajua kwamba kila serikali duniani ina uwezo wa kumwondoa asiye raia wake. Hapa kwetu watu husema fulani kapigwa PI, na neno hilo likishatamkwa mjini huwa limekwisha, hakuna anayeuliza zaidi. Lakini kati ya kosa na ndege ya kurudi kwao kuna mahali ambapo mtu huwekwa kwenye mizani. Upande mmoja huwekwa kosa lake na maslahi ya nchi. Upande wa pili huwekwa umri wake, miaka aliyoishi hapo, mke wake, watoto wake, na afya yake. Historia ya mizani hiyo haisemwi sana, na sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuijua, kwa kuwa tunao ndugu zetu wanaopimwa huko, na sisi wenyewe tunapima wengine hapa.

Nitachukua Uingereza kuwa mfano mkubwa, kwa sababu sheria nyingi za uhamiaji katika nchi zetu zina mizizi yake huko.

Katika sehemu kubwa ya karne ya 19 serikali ya Uingereza haikuwa na desturi ya kufukuza wageni. Wakimbizi wa kisiasa kutoka Ulaya, Karl Marx akiwa mmoja wao, walikaa London wakaandika walichotaka. Mambo yalibadilika kwa sheria ya wageni ya mwaka 1905, iliyompa Waziri wa Mambo ya Ndani uwezo wa kumfukuza mgeni aliyepatikana na hatia, baada ya mahakama kupendekeza. Kisha vikaja vita vya mwaka 1914, hofu ikatanda, na amri ya mwaka 1920 ikampa Waziri uwezo mpana zaidi. Sasa angeweza kumfukuza mgeni kwa kuona tu kwamba kuondoka kwake kuna manufaa kwa umma. Mizani ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, chumbani, mlango umefungwa.

Hata hivyo, watu wa makoloni hawakuhesabiwa kuwa wageni. Mtu wa Jamaica, wa India au wa Kenya alikuwa chini ya himaya moja, na kisheria hakuweza kufukuzwa kutoka Uingereza. Mlango huo ulifungwa na sheria ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1962. Sheria hiyo ilisema kwamba mtu wa Jumuiya ya Madola ambaye hajatimiza miaka 5 Uingereza, akipatikana na hatia ya kosa linaloadhibiwa kwa kifungo, mahakama inaweza kupendekeza aondolewe.

Mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kukumbwa na sheria hiyo alikuwa msichana wa Jamaica mwenye umri wa miaka 22. Aliiba dukani vitu vya thamani ya pauni 2 hivi. Lilikuwa kosa lake la kwanza, na alikiri. Hakimu akapendekeza arudishwe kwao, naye akawekwa gerezani Holloway kungoja. Waziri mpya wa Mambo ya Ndani, Henry Brooke, aliyekuwa ameingia ofisini mwezi Julai mwaka huo huo, akasimama Bungeni akautetea uamuzi wa kumfukuza. Wabunge wakachachamaa. Waliuliza, je, pauni 2 zina uzito wa kumng'oa binti kutoka mahali alipojenga maisha yake? Siku chache baadaye Brooke alibatilisha uamuzi wake na msichana akabaki. Wakati huo Jamaica yenyewe ilikuwa bado koloni la Uingereza, ikingojea uhuru wake tarehe 6 Agosti.

Tuangalie jinsi msichana yule alivyookoka. Hakuokolewa na kifungu cha sheria, wala hakukuwa na mahakama ya rufaa aliyoweza kuikimbilia dhidi ya neno la Waziri. Aliokolewa na kelele za Bunge na za magazeti. Mtu ambaye habari zake hazikufika gazetini, je, alipona? Mizani inayosubiri kelele ndipo ipime sawasawa ina kasoro.

Waingereza wenyewe waliiona kasoro hiyo. Kamati iliyoongozwa na Sir Roy Wilson ilitoa taarifa mwaka 1967, na mwaka 1969 Bunge likapitisha sheria ya rufaa za uhamiaji. Kwa mara ya kwanza kukawa na chombo maalumu cha kusikiliza mtu anayepinga kufukuzwa. Ikafuata sheria kubwa ya uhamiaji ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Januari 1973, na chini yake zikatungwa kanuni za kumwongoza Waziri. Katika kanuni za mwaka 1994, paragrafu ya 364, mambo ya kupimwa yaliorodheshwa waziwazi, nayo yalikuwa 8.

Nitayataja, kwa kuwa ndiyo mawe ya mizani yenyewe. La kwanza ni umri wa mtu. La pili, muda aliokaa nchini. La tatu, nguvu ya uhusiano wake na nchi hiyo. La nne, historia yake binafsi, yaani tabia, mwenendo na kazi zake. La tano, hali ya nyumbani kwake. La sita, makosa yake ya nyuma na uzito wa kosa alilofungiwa. La saba, mambo ya huruma. Na la nane, maelezo yoyote yaliyoletwa kwa niaba yake.

Orodha hii ukiisikia haraka unaweza kudhani ni karatasi ya ofisini tu. Lakini kila jambo hapo lina mtu nyuma yake. Umri una uzito kwa sababu kijana wa miaka 19 bado anaweza kubadilika, na mzee wa miaka 70 hawezi kuanza maisha upya mahali ambapo hana hata wa kumfungulia mlango. Muda una uzito kwa sababu mtu aliyekaa miaka 2 ana sanduku, na aliyekaa miaka 30 ana makaburi ya wazazi wake katika ardhi hiyo. Kazi ina uzito kwa sababu inaonyesha kama alikuwa mzigo au mbebaji. Na hilo la mwisho, maelezo yanayoletwa kwa niaba yake, lina uzito kwa sababu jirani, mwajiri, mchungaji au mwalimu wa shule huweza kulijua jambo ambalo faili halilijui.

Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliongeza jambo moja la busara. Ilisema kwamba hakimu anapofikiria kupendekeza mtu afukuzwe, aangalie pia athari kwa watu wengine wasio mbele ya mahakama na wasio na hatia. Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo mke na watoto walipoingia mahakamani bila kuitwa. Adhabu ya jela humfunga aliyekosa. Adhabu ya kufukuzwa huwafikia hata wasiokosa, kwa kuwa mke hulazimika kuchagua kati ya nchi yake na mume wake, na mtoto hachagui lolote.

Wakati huo huo, huko Strasbourg, Ufaransa, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikuwa inajenga mizani yake. Msingi wake ulikuwa kifungu cha 8 cha mkataba wa Ulaya wa mwaka 1950, kinacholinda maisha ya familia. Mwaka 1988 mahakama hiyo iliamua kesi ya Mmoroko aliyefukuzwa Uholanzi baada ya ndoa yake na Mholanzi kuvunjika. Serikali ilisema ndoa imekwisha, basi kibali nacho kimekwisha. Mahakama ikauliza juu ya mtoto. Baba huyo alikuwa akimwona binti yake mdogo mara 4 kwa wiki, kwa saa kadhaa kila mara. Uamuzi ukawa kwamba talaka huvunja ndoa, haivunji ubaba, na Uholanzi ilikuwa imevuka mpaka.

Mwaka 1991 ikaja kesi ya kijana Mmoroko aliyepelekwa Ubelgiji kabla hajatimiza miaka 2. Alikuwa kijana mtundu kupita kiasi. Mahakama za huko zilimkuta na hatia ya makosa 22 aliyoyafanya akiwa bado barobaro, na mwaka 1984 akafukuzwa. Lakini wazazi na ndugu zake walikuwa Ubelgiji, na shule yote alisoma huko kwa Kifaransa. Mahakama ikasema Ubelgiji ilipima vibaya. Kwa maneno ya mtaani tungesema, mtoto mliyemlea ninyi akiharibika, msimtupie jirani kwa sababu tu babu yake alitoka huko.

Kisha mwaka 2001, katika kesi ya Mualgeria aliyeoa Mswisi na kufungwa kwa unyang'anyi, mahakama hiyo iliandika orodha ambayo hadi leo mawakili wa Ulaya huikariri. Humo mliwekwa uzito wa kosa, muda wa kukaa, muda uliopita tangu kosa na mwenendo wa mtu katika muda huo, uraia wa wanandoa, urefu wa ndoa, kuwapo kwa watoto na umri wao, na ugumu ambao mke au mume angeupata akimfuata mwenzake kwao. Humo pia mliwekwa swali ambalo shangazi yeyote wa kwetu angeliuliza: je, mwenzake alilijua kosa hilo kabla ya kufunga naye ndoa?

Nisije nikaeleweka kwamba mgeni hushinda siku zote. La hasha. Mwaka 2006 Mturuki aliyefika Uholanzi akiwa na miaka 12, mwenye mwenzi na watoto wawili wa kiume huko, alishindwa kesi yake Strasbourg. Alikuwa amemuua mtu katika ugomvi mgahawani, na majaji 14 dhidi ya 3 waliona uzito wa damu hiyo umezidi. Kuna mahali ambapo familia ya mkosaji haiwezi kuifunika familia ya aliyeuawa, na serikali inayosahau hilo haitendi haki kwa wananchi wake.

Hata ugonjwa umepimwa hivyo. Mwaka 1997 mahakama hiyo iliizuia Uingereza kumrudisha mtu wa kisiwa cha St Kitts, aliyekamatwa na dawa za kulevya uwanja wa ndege, kwa sababu alikuwa katika hatua za mwisho za UKIMWI na huko kwao hakuwa na matibabu wala wa kumuuguza. Lakini mwaka 2008 mwanamke wa Uganda mwenye ugonjwa huo huo, ambaye hali yake ilikuwa imetengemaa kwa dawa za Uingereza, aliambiwa anaweza kurudishwa. Kwa maneno mengine, anayekufa leo alihurumiwa, na yule ambaye angekufa baada ya dawa kukatika hakuhurumiwa. Majaji walilitazama tena jambo hilo mwaka 2016 katika kesi iliyoihusu Ubelgiji, wakapanua kidogo mlango kwa wagonjwa mahututi.

Tukirudi Uingereza, mwaka 2006 mizani ilipigwa teke. Iligundulika kwamba wafungwa wa kigeni 1,023 walikuwa wamemaliza vifungo vyao na kuachiwa bila mtu yeyote kufikiria kama wafukuzwe au la. Hapakuwa na huruma hapo, wala hapakuwa na kupima. Ulikuwa uzembe wa mafaili. Waziri wa Mambo ya Ndani, Charles Clarke, akapoteza kazi. Lakini angalieni kilichofuata. Badala ya kurekebisha mafaili peke yake, wakubwa walirekebisha mizani pia. Kanuni ikaandikwa upya, kwamba dhana ya kuanzia iwe ni kufukuza, na mambo ya mtu binafsi yatashinda kwa nadra tu. Mwaka 2007 Bunge likapitisha sheria kwamba mgeni aliyefungwa miezi 12 au zaidi afukuzwe moja kwa moja, isipokuwa kwa sababu maalumu zilizotajwa. Mwaka 2014 sheria nyingine ikawafundisha majaji wenyewe uzito wa kila jiwe, na kwa aliyefungwa miaka 4 au zaidi ikadai sababu nzito kupita kiasi.

Watoto nao walipandishwa na kushushwa. Mwaka 1996 ulikuwapo utaratibu wa ofisini kwamba familia yenye mtoto aliyekaa Uingereza miaka 10 kwa kawaida isiondolewe. Mwaka 1999 miaka hiyo ikapunguzwa kuwa 7. Mwaka 2008 utaratibu ukafutwa. Baada ya miaka michache, hesabu ya miaka 7 ikarudi tena, safari hii ndani ya sheria. Mtoto ni yule yule, shule ni ile ile, lakini uzito wake kwenye mizani hutegemea amefika umri huo mwaka gani.

Na siasa nazo hupenda vichekesho. Mwezi Oktoba 2011 Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Theresa May, aliuambia mkutano wa chama chake kwamba kuna mhamiaji haramu ambaye hakuweza kufukuzwa kwa sababu ana paka. Ukumbi ukacheka. Ofisi ya majaji ikatoa maelezo kwamba paka hakuwa sababu. Mtu huyo, aliyetoka Bolivia, alikuwa ameishi na mwenzi wake miaka kadhaa, na wizara yenyewe ilikuwa imeshindwa kufuata utaratibu wake kuhusu watu wa namna hiyo. Paka alitajwa tu kama sehemu ya maisha ya nyumba ile. Mnaona jinsi maisha ya watu wawili yalivyogeuzwa mzaha? Ukitaka watu wakuchukie mizani, waambie imepima paka.

Miezi minane kabla ya mkutano ule, tarehe 1 Februari 2011, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikuwa imetoa hukumu inayotuhusu sisi moja kwa moja. Katika vitabu vya sheria kesi hiyo inaitwa ZH (Tanzania). Mwenyewe ni mama wa Kitanzania aliyeingia Uingereza mwaka 1995. Aliomba hifadhi ya ukimbizi, akakataliwa, akaomba tena kwa majina yasiyo yake, kitendo ambacho vijana wetu walioko majuu hukiita kujilipua. Akakataliwa tena. Katika miaka hiyo alizaa watoto wawili na raia wa Uingereza, wa kwanza mwaka 1998 na wa pili mwaka 2001. Watoto hao walikuwa Waingereza kwa kuzaliwa. Hawakuijua nchi nyingine.

Serikali ilitaka kumwondoa mama. Kwenye upande wake wa mizani kulikuwa na uongo, na uongo ni uongo. Lakini Jaji Brenda Hale aliuliza swali la upande wa pili. Watoto wale walisema uongo gani? Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema maslahi ya mtoto yawe jambo la kuzingatiwa kwanza, na sheria ya Uingereza ya mwaka 2009 iliitaka Wizara ya Mambo ya Ndani ilinde ustawi wa watoto walioko nchini. Mahakama ikasema kwamba dhambi za mama zisiwekwe mgongoni mwa watoto, na kwamba mtoto mwenye umri wa kutosha asikilizwe mwenyewe. Serikali yenyewe, ilipofika hatua hiyo, ilikuwa imekubali kwamba mama yule asingepaswa kuondolewa. Tangu hapo, kesi ya mama huyu wa Kitanzania imetumiwa kutetea watoto wa watu wa mataifa mengi.

Lakini mizani nzuri haimsaidii mtu asiyefikishwa juu yake. Hilo lilionekana mwaka 2018. Watu walioletwa Uingereza wakiwa watoto kutoka visiwa vya Karibiani, kabla ya mwaka 1973, na ambao sheria iliwapa haki ya kukaa, walijikuta wakiambiwa waonyeshe makaratasi. Hawakuwa nayo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwapa. Kadi za kushukia melini ambazo zingethibitisha mwaka walioingia zilikuwa zimeharibiwa na serikali yenyewe mwaka 2010. Wengine walipoteza kazi, wengine nyumba, wengine walizuiliwa, na wengine waliondolewa kabisa. Waziri Amber Rudd akajiuzulu mwezi Aprili 2018, na Theresa May, akiwa sasa Waziri Mkuu, akaomba radhi. Watu wale wangepimwa kwa haki wangeshinda kabla ya saa ya chai. Hawakupimwa, walihesabiwa tu.

Marekani nako walipita njia yao. Tangu mwaka 1917 hadi 1990, jaji aliyemhukumu mgeni kwa kosa aliweza, katika makosa mengi, kuandika kwamba mtu huyu asifukuzwe, na serikali ilifungwa na neno hilo. Bunge la huko likaufuta uwezo huo mwaka 1990. Kisha sheria ya mwaka 1996, aliyoitia saini Rais Bill Clinton, ikakaza zaidi. Asiye na makaratasi anayeomba kubaki lazima awe amekaa miaka 10, awe na mwenendo mzuri, na athibitishe taabu ya kipekee isiyo ya kawaida kwa mke, mume, mzazi au mtoto aliye raia au mkazi wa kudumu. Taabu yake yeye mwenyewe haihesabiwi. Anaweza kulia mpaka macho yakauke, lakini machozi yake hayana uzito kwenye mizani hiyo.

Sasa tuje nyumbani, kwa kuwa nyani haoni kundule.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Hapo hapakuwa na mizani yoyote. Mwenye duka na mwalimu, mzee na mtoto mchanga, aliyezaliwa Jinja na aliyefika juzi, wote waliwekwa kapu moja. Mwaka 1983 Nigeria nayo iliwafungasha Waghana kwa makundi makubwa. Dhidi ya matukio ya namna hiyo, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 uliweka katika kifungu cha 12 kwamba mgeni aliyeingia kihalali asifukuzwe isipokuwa kwa uamuzi uliofuata sheria, na kwamba kufukuza watu kwa makundi kwa sababu ya taifa, rangi, kabila au dini ni marufuku. Maana yake ni rahisi. Kundi halina umri, halina mke, halina watoto. Ili upime, lazima umwite mtu mmoja mmoja kwa jina lake.

Sisi Watanzania tuna sifa kubwa katika jambo hili, na tuna deni. Sifa ni kwamba kuanzia mwaka 2007 nchi yetu iliwatazama wakimbizi wa Burundi walioingia mwaka 1972, wengi wakiwa wamezaa na kuzikana hapa, ikafungua njia ya kuwapa uraia zaidi ya 160,000 kati yao. Ni nchi chache duniani zilizowahi kufanya hivyo. Deni ni kwamba mwaka 2013, katika operesheni ya kuwaondoa wahamiaji haramu mikoa ya magharibi, maelfu walirudishwa Rwanda, Burundi na Uganda, na ripoti za wakati huo zilieleza juu ya watu waliokaa miongo kadhaa, wenye wake, waume na watoto Watanzania, walioondoka bila nafasi ya kusikilizwa na mtu yeyote.

Ikaja pia kesi iliyoamuliwa mwezi Machi 2018 na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Mtu aliyekuwa na pasipoti na hati za Tanzania aliambiwa si raia. Akapelekwa Kenya mwaka 2014. Kenya ikamkataa ikamrudisha, nasi tukamkataa, akabaki katika kipande cha ardhi kilicho baina ya vituo viwili vya mpaka. Mahakama ilisema Tanzania ilimnyima uraia kiholela na kumfukuza kinyume cha haki. Ikasema mwenye hati za nchi akikanushwa, mzigo wa kuthibitisha uko kwa serikali, na ikataka sheria irekebishwe ili mtu kama yeye awe na mahakama ya kukimbilia.

Najua watakaosema mipaka lazima ilindwe, na kwamba wapo wageni wanaokuja na bunduki au na mihadarati. Ni kweli, na anayefanya hivyo apimwe kwa uzito wa kosa lake, wala sitamlilia. Lakini kupima si kusamehe. Katika baadhi ya kesi nilizozitaja mtu alipimwa na akafukuzwa. Tofauti ni kwamba aliulizwa kwanza. Mkewe aliitwa, barua ya mwajiri ilisomwa, na kulikuwa na mtu wa tatu, asiye yule aliyemkamata, wa kusema kama mkono wa mpimaji umekandamiza upande mmoja.

Mwaka 1962 mbunge mmoja mmoja alilazimika kupiga kelele ili binti mmoja asing'olewe kwa pauni 2. Leo tunataka binti zetu walioko London na Houston wasikilizwe bila kungoja kelele hizo, na tunafurahi majaji wa huko wanapowatazama watoto wao kwa jicho la huruma. Basi afisa wetu wa Uhamiaji kule Kagera au Kigoma anapomkuta mama wa Kirundi aliyeolewa hapo miaka 25 iliyopita, kabla ya kumwonyesha lori, amwulize watoto wake wako wapi. Ni swali fupi, na halihitaji sheria mpya kuliuliza.